Kabla Hujaweka Programu ya Kupanga Diski

Ukinunua kompyuta ya mtumba Arusha au Karatu mjini ukaifikisha Endamarariek, mara nyingi ndani yake utakuta diski ya kuzunguka ya GB 320 au 500, RAM ya GB 4, na Windows 7 au Windows 10. Miezi michache baadaye inaanza kuwa nzito. Unaiwasha, unasubiri, kiduara kinazunguka tu. Hapo ndipo mtu anakwambia: "Weka programu ya kudifragi," yaani ya kupanga diski. Ushauri huo unaweza kuwa sahihi. Unaweza pia kukumalizia bando bure, na katika hali moja unaweza kuua diski yenye mahesabu yote ya AMCOS au alama zote za wanafunzi wa mwaka.

Mwongozo huu ni wa mwenye steshonari, mwalimu wa taaluma, karani wa ushirika, mtendaji wa kata, muongoza watalii mwenye picha za miaka mitano: yeyote anayetegemea kompyuta moja na hana fundi wa karibu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa walio wengi, programu ya kupanga diski inayofaa ni ile iliyomo tayari ndani ya Windows, na kazi kubwa haiko kwenye kuchagua programu. Iko kwenye kuijua diski yako kabla hujaigusa.

KWA NINI DISKI IPANGWE

Ndani ya diski ya kuzunguka, yaani HDD, kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mwembamba wenye kichwa cha kusoma. Windows hukata kila faili katika vipande vidogo, kwa kawaida vya KB 4, na kuviweka mahali palipo wazi. Diski ikiwa na nafasi tele, vipande vya faili moja hukaa pamoja na kusomwa kama kipande kimoja kikubwa. Ikikaribia kujaa, nafasi inayobaki ni mianya midogomidogo, na faili jipya hulazimika kugawanywa humo. Ni kama ghala la mbaazi ambamo magunia ya mkulima mmoja yamewekwa kona kumi tofauti: hakuna lililopotea, ila kuyakusanya kunachukua muda.

Muda huo unapimika. Sahani ya mizunguko 7,200 humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Ukijumlisha safari ya mkono na kusubiri sahani ifike, kila kuruka kwenda kipande kingine kunagharimu takriban milisekunde 15. Faili lililokatika vipande 1,000 litakula sekunde 15 za kurukaruka tu, kabla hujahesabu muda wa kusoma kilichomo. Kupanga diski ni kuvirudisha vipande hivyo pamoja.

SSD ni habari nyingine. Haina sahani wala mkono. Ni chipu tupu, na kwenda kipande chochote kunachukua sehemu ndogo sana ya milisekunde, kiwe karibu au mbali. Vilevile chipu zake zina kikomo cha kuandikwa. Kuipanga SSD kama HDD ni kuichakaza bila faida.

Si kila mtumiaji wa HDD huumia sawasawa. Anayeumia zaidi ni mwenye mafaili mengi madogo yanayobadilika kila siku: karani anayehifadhi Excel ileile mara ishirini kwa siku, steshonari inayopokea na kufuta nyaraka za wateja, ofisi yenye programu ya uhasibu. Kibanda cha kuingizia nyimbo na muvi kwenye flashi hujaza diski haraka, lakini muvi yenyewe haidhuriki sana. Kipande chake kimoja ni kikubwa, na mkono ukiruka mara chache ndani ya saa mbili za picha hakuna atakayeona.

HATUA YA 1: JUA UNA DISKI GANI

1. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows kwenye kibodi, andika defrag.
2. Fungua "Defragment and Optimize Drives". Kwenye Windows 7 inaitwa "Disk Defragmenter".
3. Kwenye Windows 8 na kuendelea, angalia safu ya "Media type". Ikiandikwa "Hard disk drive", ni HDD. Ikiandikwa "Solid state drive", ni SSD.
4. Kwenye Windows 7 safu hiyo haipo. Fungua "Device Manager", tafuta "Disk drives", nakili namba ya modeli ya diski na umuulize fundi au uitafute mtandaoni.

Usimwamini muuzaji kwa neno tu. Kompyuta ya mtumba huweza kuwa imebadilishwa diski njiani, na stika iliyobandikwa nje ikabaki ileile.

[SANDUKU: UKIKUTA NI SSD]
Usitafute programu yoyote ya kupanga diski. Dirisha lilelile lina kitufe cha "Optimize". Kwenye SSD kitufe hicho hakihamishi vipande kama kwenye HDD. Hutuma taarifa iitwayo TRIM, inayoiambia diski ni sehemu zipi zimeachwa wazi ili ziandaliwe kwa kuandikwa tena. Windows 8, 10 na 11 hufanya hivyo zenyewe. Kuhakikisha TRIM imewashwa, fungua Command Prompt kama msimamizi na andika:
fsutil behavior query DisableDeleteNotify
Jibu likiwa 0, imewashwa. SSD ikiwa nzito, mara nyingi imejaa, RAM haitoshi, au kuna kirusi.
[MWISHO WA SANDUKU]

HATUA YA 2: JUA KAMA DISKI NI NZIMA

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka, na ndiyo inayowapotezea kazi zao. Diski inayokufa nayo huwa nzito. Inasoma sehemu moja mara nyingi ikishindwa, Windows inasubiri, na wewe unadhani vipande vimetawanyika. Ukiipa diski ya namna hiyo kazi ya kusoma na kuandika kwa saa nne mfululizo, unaweza kuimaliza siku hiyohiyo.

Dalili za kuogopa: mlio wa kugonga au kukwaruza, kompyuta kuganda ukifungua folda fulani tu, mafaili yanayokataa kunakiliwa, Windows kuomba kukagua diski kila inapowaka.

Dalili hazitoshi, kwa hiyo pima. CrystalDiskInfo ni programu ndogo ya bure iliyotengenezwa Japani. Husoma kumbukumbu ambazo diski yenyewe huweka kuhusu afya yake. Bluu maana yake salama, njano tahadhari, nyekundu hatari. Angalia hasa mistari mitatu: 05, C5 na C6. Wa kwanza huhesabu sehemu zilizoharibika na kuhamishiwa kwenye akiba; wa pili, sehemu zinazotiliwa shaka; wa tatu, zilizoshindikana kabisa. Thamani zake zote zikiwa sifuri, endelea. C5 au C6 ikiwa zaidi ya sifuri, simama hapo. Usipange diski. Usiendeshe chkdsk (kikaguzi cha diski cha Windows) ya kukarabati pia, kwa sababu nayo huisugua diski nzima. Nakili kwanza nyaraka zako kwenda diski nyingine, ukianza na zisizoweza kupatikana tena popote.

HATUA YA 3: TUMIA KILICHOMO

Windows imekuwa na kipangaji chake kwa muda mrefu. MS-DOS 6 ya mwaka 1993 ilikuja na kimoja kilichotoka Symantec, na Windows 2000 ilibeba toleo dogo lililotengenezwa na Executive Software, kampuni ya Diskeeper. Jambo la maana zaidi kwako ni hili: tangu Windows NT 4.0 ya mwaka 1996, Windows ina mlango mmoja rasmi wa kuhamisha vipande vya faili. Kipangaji cha Windows hupita mlango huo, na programu za bure na za kulipia unazozisikia nazo hupita humohumo. Kwa hiyo hakuna inayohamisha kwa usalama zaidi ya mwenzake. Tofauti iko kwenye mpangilio wanaouchagua, muda wa kufanya kazi, na rangi za kwenye skrini.

Kabla ya kubonyeza, hakikisha:

☐ Nyaraka muhimu zina nakala rudufu nje ya kompyuta hii.
☐ Diski imepita kipimo cha Hatua ya 2.
☐ Kuna nafasi wazi ya asilimia 15 au zaidi. Diski inayouzwa kama GB 500 huonekana kwenye Windows kama GB 465 hivi, kwa hiyo acha GB 70.
☐ Laptopu imechomekwa chaji na betri yake inashika. Kompyuta ya mezani iko kwenye UPS.
☐ Programu zote zimefungwa, antivairasi imemaliza kazi yake.

Kisha:

1. Kama nafasi haitoshi, endesha "Disk Cleanup", hamisha muvi na video kwenda diski ya nje, toa mafaili kwenye "Recycle Bin". Kusafisha kunakuja kabla ya kupanga, si baada.
2. Fungua dirisha la Hatua ya 1, chagua C, bonyeza "Analyze".
3. Soma asilimia. Ikiwa chini ya 10, acha. Uzito wa kompyuta yako una sababu nyingine.
4. Ikiwa 10 au zaidi, zuia kompyuta isilale, kisha bonyeza "Optimize". Kwenye Windows 7 ni "Defragment disk".
5. Iache. Diski iliyokaa miaka bila kupangwa inaweza kuchukua nusu siku. Itapita mara kadhaa. Hilo ni kawaida.
6. Washa upya, pima tena.

Kuhusu umeme, kwa kuwa TANESCO wakikata hawaulizi uko hatua gani: diski ya mfumo wa NTFS, ambao ndio Windows huwekwa juu yake, hunakili kipande mahali papya kwanza, na huandika kila badiliko katika daftari lake kabla ya kukiachia kile cha zamani. Umeme ukikatika katikati, faili lililokuwa linahamishwa kwa kawaida hubaki. Flashi na diski za nje za FAT32 au exFAT hazina daftari hilo. Hizo usizipange kabisa. Ukiwa kwenye UPS na umeme umekatika, bonyeza "Stop". Windows itasimama salama, na utaendelea siku nyingine.

Ratiba nayo inahitaji jicho. Windows 7 hupanga kazi hii Jumatano saa saba usiku, na matoleo ya baadaye huiunganisha na matengenezo ya usiku ya kila wiki. Steshonari inayozima swichi kuu saa mbili usiku, au laptopu isiyokaa kwenye chaji, huikosa mara kwa mara. Angalia safu inayoonyesha tarehe ya mwisho diski ilipopangwa. Ukikuta ni miezi mingi iliyopita au "Never run", huhitaji programu mpya. Unahitaji kuiacha kompyuta ikiwaka mchana mmoja ambao huna kazi.

LINI PROGRAMU YA NJE INA MAANA

Zipo hali chache. Nikizipanga kwa uzito:

Unataka kupanga faili moja au folda moja tu. Mfano ni hifadhidata ya uhasibu inayochelewa kufunguka huku sehemu nyingine zote za kompyuta ziko sawa. Hapa chaguo langu ni Contig, programu ndogo mno ya Mark Russinovich, inayotolewa bure na Microsoft katika mkusanyiko wa Sysinternals. Haina madirisha, unaiandikia amri. Andika contig -a na jina la faili kuona limekatika vipande vingapi, kisha contig na jina la faili kulipanga. Hailazimishi kitu kingine chochote, na haibaki ikikimbia nyuma. Kama amri zinakutisha, Defraggler ya Piriform nayo hupanga faili mojamoja na ina madirisha, ila imekaa miaka mingi bila mabadiliko ya maana.

Unataka kupanga mafaili ya mfumo yasiyoguswa Windows ikiwa inafanya kazi. Baadhi ya programu, mojawapo Auslogics Disk Defrag katika toleo la kulipia, huyapanga wakati kompyuta inawaka. Faida ipo, ni ndogo. Kwa kompyuta ya matumizi ya kawaida nisingelipia.

Una seva yenye HDD isiyozimwa, inayotumiwa na watu wengi. Hapo programu za kulipia kama O&O Defrag ya Ujerumani zina hoja ya kweli. Ofisi ya namna hiyo iwe na mtu wa TEHAMA wa kuamua.

Nje ya hapo, sioni sababu. Na ukiamua kuweka yoyote, ichuje hivi: 

1. Ipakue kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Tovuti za kukusanya programu hufunga vitu vingine ndani yake.
2. Hakikisha inatambua SSD na kukataa kuipanga.
3. Wakati wa kuiweka, chagua "Custom" na soma kila ukurasa. Programu za bure za aina hii mara nyingi hupendekeza nyingine: za kusafisha, za kuongeza kasi, vivinjari. Ondoa alama zote za tiki usizozielewa.
4. Ikikuonyesha "makosa 1,247" na kudai pesa ili iyarekebishe, ifute.
5. Zima kipengele cha kukimbia nyuma muda wote. Kwenye RAM ya GB 4 huo ni mzigo juu ya mzigo.

Utashangaa programu ya nje ikionyesha diski imetapakaa nyekundu huku Windows ikisema asilimia 2. Hakuna anayedanganya. Tangu Windows Vista, Microsoft haihesabu kipande cha MB 64 au zaidi kuwa tatizo, na ina haki: HDD inayosoma MB 100 kwa sekunde hutumia zaidi ya nusu sekunde kusoma kipande hicho, na kuruka kwenda kinachofuata kunaongeza milisekunde 15 tu. Programu nyingine huhesabu kila mkato. Rangi nyekundu inauza.

MAKOSA YA KILA SIKU

Kupanga diski kila siku. Mara moja kwa mwezi yatosha kwa HDD ya ofisi, na kila wiki kwa inayoandikwa sana. Zaidi ya hapo unaisumbua tu.

Kupokea toleo la kulipia lililokrekiwa, linalozunguka kwa flashi kutoka steshonari hadi steshonari. Programu ya kupanga diski huomba mamlaka ya msimamizi. Ukiipa ruhusa hiyo programu iliyochezewa, umeipa kompyuta nzima. Hata njia halali ina hatari yake. Mwaka 2017 wadukuzi waliingiza programu haribifu ndani ya toleo la 5.33 la CCleaner, bidhaa nyingine ya Piriform, nalo likapakuliwa kwenye kompyuta zaidi ya milioni 2 kutoka chanzo rasmi. Kila programu unayoongeza ni mlango mmoja zaidi wa kulinda, na Windows 7 haijapata maboresho ya kawaida ya usalama tangu 14 Januari 2020. Ya Windows 10 yalikoma 14 Oktoba 2025.

Kuweka vipangaji viwili. Kila kimoja kina mpangilio wake, na kila kimoja kitabomoa kazi ya mwenzake.

Kulaumu diski kwa kosa la vumbi. Kiangazi cha Karatu, vumbi jekundu huziba feni. Prosesa ikipata joto hupunguza kasi ili isiungue. Kompyuta ikiwa nyepesi asubuhi na nzito baada ya saa moja huku feni ikivuma, zima, chomoa umeme, safisha feni kwa brashi laini au blowa huku umeishika isizunguke. Diski haihusiki.

KAMA BADO NI NZITO

Umepanga, asilimia ni 0, diski nzima, na bado Windows inachukua dakika nyingi kuwaka. Kwenye Windows 8 na kuendelea, fungua "Task Manager" kwa Ctrl, Shift na Esc, kisha angalia "Performance". Diski ikiwa asilimia 100 muda wote na RAM imejaa, Windows inatumia diski kama RAM, na hakuna kipangaji kitakachobadili hilo. Zima kwanza programu zinazojiwasha zenyewe kwenye "Startup".

Baada ya hapo, pesa uliyokuwa uilipie programu ipeleke kwenye SSD. Kwa kompyuta nyingi zenye HDD, ndogo ya GB 240 ya inchi 2.5 aina ya SATA huingia palepale ilipokuwa diski ya zamani, na hakuna programu inayoweza kuleta tofauti ya kiasi hicho. Nunua dukani panapokupa risiti na dhamana, kwa sababu SSD bandia zipo. Kabla ya kuitegemea, ijaribu kwa H2testw, programu ya bure inayoandika diski nzima na kuisoma tena ili kuona kama ujazo ni wa kweli.

Ukishahamia SSD, usimpe mtu HDD ya zamani siku hiyohiyo. Iweke kabatini mwezi mmoja, mpaka uwe umefungua kila folda unayoitegemea kwenye SSD mpya na kuona iko kamili. Kisha, kama 05, C5 na C6 zote bado ni sifuri, inunulie kasha la USB uitumie kuhifadhia nakala rudufu.